Inchi Mbili za Kimo

Ukitoka Ruiru kwenda Thika, barabara kuu hupita karibu na mpaka wa udongo wa aina mbili. Kushoto, nchi inapoanza kupanda kuelekea Githunguri na Gatundu, ardhi ni nyekundu, ardhi ya kahawa, ndizi na ng'ombe wa maziwa. Kulia, inaposhuka kwenda Juja Farm na tambarare za mto Athi, hugeuka nyeusi. Kiangazi inapasuka nyufa za kuingia mguu, masika inavimba na kung'ang'ania kila kinachoigusa. Katikati imelala lami ya njia nane iliyofunguliwa na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012. Mwenye pikapu wa sehemu hizi anaweza kukanyaga zote tatu kabla ya chai ya saa nne: amechukua nyasi Gatundu, ameteremka hadi kwenye lami, na sasa anapeleka simiti kwenye ploti ya mtu anayejenga Juja Farm.

Ndiyo maana suala la kimo cha pikapu na tairi la kuivalisha lina uzito wake huku. Nimeliona likiamuliwa kwa haraka mno, kwa kutazama picha ya gari la mtu mwingine kwenye simu, na linaniuma, kwa sababu matokeo yake hukaa chini ya gari, mahali ambapo mwenyewe hachungulii. Katika gereji za Ruiru mjini, za Kimbo, na za Makongeni kule Thika, mazungumzo hufanana. Mteja anasema, "Fundi, nataka hii kitu iinuke inchi mbili, na tairi kubwa zijae kwa madigadi." Fundi anayeijua kazi hamjibu kwa bei. Anainama, anatazama springi za nyuma, kisha anauliza, "Sawa, mkubwa. Kwani hii huwa inabeba nini?"

Swali hilo ndilo ninalotaka kulitetea. Naamini uamuzi wa kimo na tairi uanzie kwenye mzigo, uende kwenye udongo, na macho ya watu yaje mwisho kabisa. Sisemi hivyo kwa kuudharau uzuri. Pikapu iliyokaa vizuri juu ya magurudumu yake inapendeza, na mtu aliyetoa jasho kuinunua ana haki ya kuitazama akafurahi. Ila chombo hiki kiliundwa kwa kubeba, na kila kipande chake, tangu unene wa jani la springi hadi nguvu ya breki, kilipimwa kwa kufikiria shehena.

Tazama pikapu ya kebini moja ambayo bado haijaguswa, Hilux au D-Max, ikiwa imesimama tupu nje ya duka. Mkia umeinuka, pua imeinama. Wengi huiona hiyo kuwa kasoro. Lakini aliyeichora alikuwa akiyaona magunia ambayo hayajapakiwa. Majani ya springi ya nyuma yamepindwa kuingoja karibu tani moja, na siku tani hiyo inapokuja, mkia unashuka, bodi inalala sawa, taa zinaelekea barabarani na ekseli mbili zinagawana kazi. Ni mkao wa hamali aliyekwisha kuinama akilingoja gunia mgongoni.

Jambo la kwanza ambalo watu hulifanya ni kuuondoa mkao huo. Kwenye Isuzu TFR, D-Max za kizazi cha kwanza na baadhi ya Hilux za 4x4 za kabla ya 2005, mbele hakuna springi ya kuzunguka. Kuna toshenibaa, fimbo ndefu ya chuma inayojisokota gurudumu linapopanda. Mwisho wake una bolti. Fundi akiikaza bolti hiyo, pua inainuka papo hapo, bila spea hata moja kununuliwa, na mteja anaondoka na furaha yake. Kilichotokea ni kwamba mkono wa gurudumu sasa unaning'inia karibu na kikomo chake cha kushuka. Gurudumu likifika kwenye shimo halina nafasi ya kulifuata. Linagonga mpira wa kikomo, na jointi za ekseli ya mbele zinazunguka zikiwa zimepinda kwa pembe ambayo hazikuzoea. Buti zake za mpira hupasuka, grisi ikatoka, vumbi likaingia. Na siku ya kubeba simiti, mkia unashuka kama ulivyokusudiwa, lakini pua haiko tena mahali pake. Gari zima linatazama juu.

Nyuma kuna njia tatu, na hazina hadhi sawa. Ya kwanza ni kuweka kipande cha chuma kati ya ekseli na springi, kikakazwa kwa yu-bolti ndefu. Ni rahisi, na kwa gari lisilobeba kitu inavumilika. Lakini kipande hicho huipa ekseli nguvu ya kuisokota springi kila unapokanyaga breki au unapoondoka na mzigo, na mimi sijawahi kuipenda. Ya pili ni kuongeza jani kwenye fungu la springi. Hii ndiyo desturi yetu, nayo imebeba ndizi na mawe ya nchi hii tangu zamani. Mafundi wa Grogan jijini na wa jua kali Thika huifanya kwa mikono iliyozoea. Ubaya wake hujitokeza gari likiwa tupu. Springi iliyoongezwa nguvu haipindi kwa uzito wa bodi peke yake, kwa hiyo kwenye murramu yenye makunyanzi mkia hurukaruka na kuhama njia. Anayepakia kila siku hatalijua tatizo hilo. Anayepakia Jumamosi tu ataishi nalo wiki nzima.

Ya tatu ni kununua springi mpya zilizotengenezwa kwa uzito maalumu, pamoja na shokabsoba zinazolingana nazo, zile ambazo gerejini huitwa shoki. Waaustralia wana uzoefu mrefu wa jambo hili, kwa kuwa nchi yao ina vumbi na umbali kama wa kwetu wa kaskazini. ARB, kampuni iliyoanzishwa Melbourne mwaka 1975, huziuza springi zake za Old Man Emu kwa kufuata uzito ambao gari litaubeba daima: bampa ya chuma, tangi la ziada, sanduku la vyombo. Maana yake ni kwamba hata mtengenezaji wa springi huanza na swali la fundi wetu. Nimewaona watu wakichagua springi nzito kuliko zote kwa kudhani kwamba uzito ndio ubora. Springi iliyotengenezwa kwa kilo mia nne za kudumu, ikifungwa kwenye gari linalombeba mtu na mkoba wake wa ofisini, itamuumiza kiuno kila tuta la Ruiru. Shoki nazo hazibebi gari; kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kupanda na kushuka. Ukiinua springi ukaacha shoki fupi za zamani, shoki ndizo zitakazogeuka kikomo cha gurudumu, na hazitadumu.

Kuna jambo ambalo kila anayeinua gari lake angefaa kulijua kabla ya kutoa pesa. Springi huinua bodi. Difu ya nyuma haiinuki hata milimita moja. Ekseli ya nyuma ya pikapu ni mhimili mmoja unaolala kati ya magurudumu mawili, na tumbo la difu lililo katikati yake hubaki pale pale hata bodi ikiinuliwa inchi sita. Katika mifereji inayochimbwa na matairi ya malori kwenye njia za machimbo ya mawe ya Ndarugu, kinachokwaruza na kukwama ni tumbo hilo. Kinacholiinua ni tairi, na tena kwa nusu tu ya kipenyo kilichoongezeka. Chukua tairi la 245/70R16, ambalo kipenyo chake ni milimita 749. Libadilishe kwa 265/70R16, unapata 777. Tofauti ni milimita 28, na difu imepanda 14. Kwa hizo 14 unalipa: spidomita inaposoma 80 unakwenda 83, injini ile ile inazungusha gurudumu kubwa na zito zaidi, breki zile zile zinalisimamisha, na mafuta yanakwenda. Huenda milimita 14 zikawa ndizo zinazokutenga na kulala njiani usiku wa mvua, na hapo zina thamani kamili. Ila uzinunue ukijua ni 14.

Linalonikaa moyoni zaidi liko karibu na difu hiyo. Kwenye Hilux nyingi za miaka iliyopita, na pikapu nyingine za aina yake, kuna valvu ndogo iliyofungwa kwenye chesisi, na wenzo mwembamba unaotoka kwake hadi kwenye ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari likiwa tupu, bodi iko mbali na ekseli, na valvu inapunguza nguvu ya breki za nyuma ili magurudumu mepesi yasijifunge, gari likaserereka likageuka. Gari likipakiwa, bodi inaikaribia ekseli, wenzo unasukumwa, na valvu inaziachia breki za nyuma zifanye kazi yake yote. Ni akili iliyowekwa ndani ya chuma, bila kompyuta, na mimi huistahi sana.

Sasa inua bodi inchi mbili. Valvu haijui kwamba kuna springi mpya. Inachojua ni umbali, na umbali unasema gari ni tupu. Unapakia chakula cha kuku mpaka karia inajaa, unashuka mteremko wa Blue Post kuelekea daraja la mto Chania, unakanyaga breki, na nyuma inajibu kwa unyonge kwa sababu imeambiwa hakuna kitu. Kazi yote inaangukia breki za mbele, ambazo zinapashwa moto na uzito usio wao. Kuinua gari bila kuirekebisha valvu hiyo ni kulidanganya kuhusu mzigo wake, na mzigo hauachi kuwapo kwa sababu gari limedanganywa.

Dawa yake ni ndogo: kibati cha kuhamisha mahali wenzo unaposhikia, au marekebisho ya bolti yake, kazi ambayo fundi huimaliza kwa muda mfupi. Lakini nimechungulia chini ya magari yaliyoinuliwa kwa gharama kubwa, yenye taa na rangi za kuvutia, nikaukuta wenzo haujaguswa. Wengine huufunga kwa waya ukae juu daima, wakidhani wameongeza breki. Hao gari lao likiwa tupu na lami ya Juja ikiwa imelowa, mkia ndio utakaotangulia. Ningependa kila mteja aulize habari za valvu hiyo kabla ya kuuliza jina la kampuni ya springi. Mabishano yetu kuhusu majina ni mengi, na ya kuhusu breki ni machache.

Gari likiinuka, kitovu cha uzito wake nacho kinapanda, na kona ambazo lilizipita kwa utulivu linaanza kuziegemea. Taa zinapanda pia. Usiku kwenye barabara ya Garissa, ambako hakuna ukuta kati ya wanaokwenda na wanaokuja, pikapu ya pua ya juu humpiga machoni dereva wa Probox na mwenye bodaboda, nao wanaendesha kwa sekunde kadhaa bila kuona kitu. Mtu aliyeinua gari lake amewaongezea wengine hatari ambayo hawakuiomba, na kushusha taa ni wajibu wake kwao.

Nchini humu kimo kina mahali pake pa heshima. Mashindano ya magari ya Rhino Charge yalianza mwaka 1989 ili kuchangisha fedha za kuzungushia milima ya Aberdare uzio wa umeme, na uzio huo wa takribani kilomita 400 ulikamilika 2009. Mito ya Thika na Chania hutoka kwenye milima hiyo, kwa hiyo sisi wa huku chini tuna deni kwa magari yale. Washindani hupewa saa 10 kupitia vituo 13, na anayefika vyote kwa umbali mfupi kuliko wengine ndiye mshindi, hata njia hiyo ikipita kwenye majabali. Gari la namna hiyo limeinuliwa kwa sababu inayoonekana kwa macho, na kila kiungo chake kimefuata kimo hicho, kuanzia breki hadi fremu ya kumkinga dereva. Tatizo huanza mtu anapochukua kimo peke yake akaviacha vilivyobaki.

Turudi kwenye tairi, ambalo kwa maoni yangu linastahili pesa kabla ya springi. Udongo mwekundu ukinyeshewa huteleza juu, lakini chini yake mara nyingi kuna pagumu. Tairi jembamba lenye meno yaliyo wazi hukata ule utelezi likafika kwenye ugumu huo. Udongo mweusi ni kitu kingine. Ni mfinyanzi unaonyonya maji na kuvimba, hujaza mifereji ya tairi hadi linakuwa laini kana kwamba ni kipara, na mara nyingi hauna pagumu pa karibu. Pale meno makubwa yenye nafasi pana, yale yanayoandikwa MT, husaidia kwa sababu hulitupa tope gurudumu linapozunguka. Lakini meno hayo hayo kwenye lami hupiga kelele, huisha haraka, na mvua ikinyesha hayashiki barabara vizuri. Tairi linaloandikwa AT, ambalo BFGoodrich walianza kulitoa mwaka 1976, ni mapatano kati ya pande zote. Kwa mtu ambaye siku zake nyingi ni lami na murramu, siku chache ni tope, nadhani hilo ndilo jibu. Anayekaa ndani kabisa Juja Farm na kutoka kila asubuhi ya masika ana haki ya MT, avumilie kelele zake.

Upana nao unachaguliwa kwa macho kuliko kwa akili. Land Cruiser 79 zinazounganishwa Mombasa zimefanya kazi miaka mingi kwa tairi la 7.50R16, ambalo upana wake wa kutajwa ni milimita 190 hivi. Ni jembamba na refu. Limefika Turkana, Mandera na mbali zaidi, likiwa na mapipa ya maji nyuma. Anayetaka 265 au zaidi kwa kuamini kwamba upana ndio nguvu, na atazame tairi hilo kwanza. Kwenye tope lisilo na chini au mchanga, anaweza kupata upana kwa muda kwa kupunguza upepo, mguu wa tairi ukarefuka ardhini. Kisha aujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami, maana tairi lenye upepo mdogo na mzigo mkubwa hupata moto hadi likapasuka.

Zamani tairi la barabara hizi lilitengenezwa humu humu. Firestone East Africa ilianzishwa mwaka 1969, kiwanda chake kikiwa kwenye barabara ya Mombasa, Nairobi. Mwaka 2005 ikawa Sameer Africa, na jina lake la Yana likajulikana kila stendi ya matatu. Kiwanda kilifungwa 2016, bidhaa za bei nafuu kutoka nje zikiwa zimekishinda. Thika bado ina Kenya Vehicle Manufacturers, iliyoanza 1974 kwa jina la Leyland Kenya, na magari yanaendelea kuunganishwa pale. Lakini tairi la pikapu leo linatoka China, Thailand, India au Japani, na aliyelichora hakuwa akiiwazia Gatundu. Kwa hiyo mnunuzi wa huku lazima ausome ubavu wa tairi mwenyewe.

Ausome hivi. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa dukani miaka mingi huzeeka hata kama halijawahi kugusa barabara. Namba iliyo karibu na herufi ya kasi ndiyo ya mzigo: 104 maana yake tairi moja linabeba kilo 900, na 112 ni kilo 1,120. Matairi mawili yanaweza kuwa na ukubwa mmoja na meno yanayofanana, moja likiwa la gari la abiria na jingine la gari la mizigo, na tofauti ikawa hapo tu. Anayebeba mawe kwa tairi la abiria anaishi kwa bahati. Na tairi lililokwisha meno kisha likachongwa upya kwa kisu cha moto halifai kufungwa kwenye gari lolote, hata kwa bei ya bure.

Ewe msomaji unayepanga kuinua pikapu yako: ipakie kwanza. Weka mzigo unaoubeba siku nyingi, uipeleke mahali tambarare, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi pande zote nne, na uandike. Mpe fundi namba hizo kabla hujamtajia inchi. Kazi ikiisha, hakikisha ameugusa wenzo wa breki, ameshusha taa na amefanya alaimenti. Kisha rudi kwake baada ya kilomita 500 za kwanza akaze yu-bolti tena, kwa sababu springi mpya hujilaza, na zikishajilaza bolti hulegea.